Nyanjige na Sikukuu ya Zagayu

"Mama Milembe, mnada mzima umejaa magauni ya mtumba, na mengine bado yanang'aa. Wewe unajitoboa vidole kwa sababu gani?"

Aliyeuliza ni Kwandu, muuza nyanya, aliyepanga naye nyumba moja pale Bariadi, mlango kwa mlango. Ilikuwa Julai ya mwaka wa tisini na sita, jua la saa kumi, na Nyanjige alikuwa ameketi kizingitini, gauni jeupe la mtoto limetandazwa magotini juu ya kitenge safi lisije likashika vumbi. Hakuinua macho. Alivuta uzi mpaka ukaisha, akafunga fundo, akaukata kwa meno.

"La mtumba lilishonwa kwa ajili ya mtoto wa mtu," alisema. "Hili linashonwa kwa ajili ya wangu."

"Haya. Lakini kwa mwendo huo mtoto ataolewa hujamaliza hiyo kola."

"Basi ataolewa nalo!"

Wakacheka wote wawili, na Kwandu akaenda zake kupanga nyanya.

Kushona kulikuwa ndani ya Nyanjige tangu usichana. Masista walimfundisha kudarizi akiwa darasa la tano, na tangu hapo mkono wake haukupenda kukaa bure. Hakushona ili auze. Alishona vitambaa vya makochi akawapa watu, akadarizi foronya za maharusi, akaweka maua kwenye kitambaa cha altare bila kuambiwa na mtu. Mwenyewe alisema akishika sindano ndogo moyo wake hutulia kama wa mtu anayesali rozari.

Nasema sindano ndogo, kwa sababu iliyompa mkate ilikuwa kubwa. Miaka ile serikali ilikuwa imewaruhusu watu binafsi kununua pamba, na kiwanda kipya cha kuchambua pamba kilikuwa kimejengwa pembeni ya mji. Watu wote walikiita jineri. Kilinguruma mchana na usiku, msimu wote, na wafanyakazi waliingia kwa shifti tatu. Kazi ya Nyanjige ilikuwa kushona marobota. Pamba ikishatolewa mbegu inashindiliwa na mashine, linatoka robota zito kuliko ng'ombe, na wanawake wanne wanalizunguka, kila mmoja upande wake, wakiwa na shazia, ile sindano kubwa ya magunia, mkononi. Wanalishonea kitambaa cha gunia haraka haraka kabla jingine halijatoka. Robota halisubiri mtu. Mmoja asipokuwepo, upande mmoja unabaki wazi na kila mtu anauona.

Hakuzaliwa katika kazi hiyo. Mume wake, Mahona, ndiye aliyekuwa na ajira, karani wa mizani kwenye ushirika. Wanunuzi binafsi walipoingia ushirika ukayumba, makarani wakapunguzwa, na Mahona akarudi kwao Zagayu kushika jembe. Nyanjige akapata nafasi jineri. Lakini mtu wa shifti hawezi kulea. Leo anatoka alfajiri, wiki ijayo anarudi usiku wa manane. Ndipo wakakubaliana kwamba watoto wao wawili, Milembe na mdogo wake, wakae Zagayu na baba yao na bibi na babu. Walisema ni kwa msimu mmoja tu. Huu sasa ulikuwa wa tatu.

Na hapo ndipo palipokuwa na uchungu wake. Krismasi ya kwanza ilimkuta shifti ya mchana. Ya pili alifika Zagayu tarehe ishirini na saba, watu wamekwisha kula, mifupa imekwisha kutupwa. Msimu ulipokwisha alibakizwa kushona viraka vya magunia, akamshukuru Mungu kwa kazi, lakini Pasaka nayo ikapita hivyo hivyo. Mara ya mwisho alipokwenda, Milembe, mwenye miaka kumi, alimpokea mfuko kwa heshima zote, akapiga goti, akamuuliza, "Mama, safari hii wewe ni mgeni wa siku ngapi?"

Mtoto hakusema kwa ubaya. Ndiyo maana lilimwingia zaidi. Milembe alimwita bibi yake mayu, jina ambalo kwa Kisukuma ni la mama. Nyanjige mwenyewe alimwita mama tu, kwa Kiswahili, kama wanafunzi wanavyomwita mwalimu wa kike. Tangu siku ile Nyanjige aliogopa jambo moja tu: kwamba mtoto wake atazoea kutomngoja.

Kwa hiyo habari ilipokuja kwamba Milembe amefaulu mafundisho na atapokea Komunyo ya Kwanza kwenye sikukuu ya kigango chao, lile kanisa dogo la kijiji, Nyanjige aliandika barua siku ile ile na kumpa Sylvester, dereva wa lori la pamba. Barua ilikuwa fupi: "Nitakuja. Gauni nashona mimi na nitakuvika mimi."

Sikukuu yenyewe ilikuwa ya Bikira Maria Kupalizwa Mbinguni, tarehe kumi na tano Agosti. Ndiye somo na msimamizi wa kigango cha Zagayu. Mwaka ule iliangukia Alhamisi.

Alianza kukata kitambaa mwanzoni mwa Juni. Vidole vyake vilikuwa vimekwaruzwa na shazia na kamba, na uzi wa kudarizi ni laini, unanasa kwenye ngozi iliyochanika. Basi kila akitoka shifti alipaka mafuta mikononi, akangoja yakauke, ndipo akashika gauni. Ndani ya jineri hakuingia na uzi wake, maana wanawake walipekuliwa wakitoka, na uzi ni uzi, nani atabisha na mlinzi? Mzee Mayige wa getini alimtunzia mfuko kibandani kwake, na saa ya mapumziko Nyanjige alikwenda kukaa hapo akashona mistari miwili mitatu.

"Hili ni ua gani?" Mzee Mayige aliuliza siku moja. "Si zabibu, si ngano."

"Ni ua la pamba, baba."

"Wee! Pamba kanisani?"

"Si Mungu huyo huyo ndiye aliyeiotesha?" Na kweli alikuwa amelidarizi kama lilivyo shambani, moja jeupe lililochanua asubuhi, jirani yake la waridi lililochanua jana.

Ikabaki habari ya shifti. Karatasi ya majina ilipobandikwa, Nyanjige aliandikwa asubuhi wiki ile nzima, Alhamisi ikiwemo, na Jumapili ya tarehe kumi na nane ndiyo ilikuwa siku yake ya kupumzika. Specioza, mwenzake wa upande wa pili wa robota, alikuwa kinyume chake: alipumzika Alhamisi, akaandikwa asubuhi ya Jumapili.

"Nipe Jumapili yako," Specioza alisema. "Mama yangu kule Kalemela macho yanamsumbua. Kaka zangu wote wanakutana Jumapili hiyo waamue apelekwe wapi. Mimi nitakusimamia Alhamisi, wewe unisimamie Jumapili."

"Dada, umeniokoa."

Walikwenda pamoja kwa Joakim, supavaiza. Alikuwa mtu wa makamo asiyepiga kelele, kalamu imekaa sikioni.

"Kubadilishana ni juu yenu," alisema. "Mimi naangalia pande nne za robota. Ila msikie: karatasi siibadili. Nafasi ikibaki wazi, ninayemfuta ni aliyeandikwa. Pale getini kila asubuhi wapo ishirini wanaoomba kazi."

"Tumesikia, supavaiza."

Alhamisi ile Nyanjige alidandia lori la Sylvester alfajiri. Alivaa kitenge chake kizuri, gauni likiwa limefungwa katika kanga mbili. Saa tatu lilimshusha njia panda ya kigango. Hapo hapo aliona kitu hakiko sawa. Hakusikia ngoma wala kwaya. Mlango wa kanisa ulikuwa umefungwa kwa kamba, na mbuzi watatu wamelala kivulini mwa ukuta, wanacheua.

Alifika nyumbani kwa wakwe akihema. Mama mkwe wake, Bibi Mhoja, alikuwa ameketi uani anachagua takataka kwenye pamba. Hapakuwa na sufuria hata moja motoni.

Nyanjige alipiga goti kuamkia. "Mwangaluka, mayu."

"Mwangaluka, ng'wanawane. Mhola?"

"Mhola duhu, mayu. Lakini sikukuu iko wapi?"

Bibi Mhoja alimtazama, akatazama kitenge, akatazama furushi la kanga. Alielewa kabla mwenzake hajaelewa, akaweka pamba chini taratibu. "Sikukuu ni Jumapili, mwanangu."

"Lakini leo ndiyo kumi na tano."

Katekista Athanasi alikuwa akipita na baiskeli, akaitwa. Alieleza kwa upole, kama anayefundisha. "Mama, kumi na tano ni ya parokiani. Padre ni mmoja, vigango ni tisa. Leo yuko parokiani, Sapiwi. Sisi vigango tunashika sikukuu siku anayotufikia. Mwaka jana tuliifanya tarehe ishirini na mbili, umesahau? Tangazo nililisoma Jumapili mbili mfululizo."

Hakuwa amesahau. Hakuwepo mwaka jana ili akumbuke. Miaka mitatu ya kusali mjini, pale padre anapolala na kuamka, ilikuwa imemfanya aamini sikukuu haihami. Mahona alitoka zizini akasikia, akasimama ameshika kamba ya ndama.

"Nilijua unajua," alisema kwa sauti ndogo. "Kila mtu huku anajua."

"Mimi si wa huku siku hizi, Baba Milembe."

Milembe alirudi kutoka kisimani, akatua ndoo. Alivishwa gauni kwa kujaribu, na lilimkaa kama ngozi. Alishika kola, akapitisha kidole juu ya ua la waridi, akacheka bila kutoa sauti. Halafu akageuka.

"Jumapili utanivika wewe?"

Nyanjige alifungua mdomo. Bibi Mhoja akakohoa. Alimvuta mkwewe pembeni ya ghala, akamwambia, "Mwanangu, mtoto usimwahidi neno ambalo kamba yake ameishika mtu mwingine. Sema unaloliweza."

Kwa hiyo hakuahidi. Jioni alipokuwa anaondoka alilikunja gauni vizuri, akaliweka juu ya sanduku la bibi. Milembe aliliona limewekwa pale, akamtazama mama yake.

"Ukiliacha, basi huji."

Nyanjige alimshika kichwa, akatoka kulifuata lori.

Ijumaa asubuhi alimtafuta Specioza kabla hata ya kupanga foleni. Specioza hakuwepo. Yeye na Joakim walikuwa wamekubaliana siku nyingi, akasimamiwa na mtu mwingine Ijumaa na Jumamosi, na alikuwa ameondoka na basi la alfajiri kwenda Kalemela. Nyanjige alikwenda kwa supavaiza. Akaeleza yote, tangu padre hadi mbuzi.

Joakim alisikiliza mpaka mwisho. Alitoa kalamu sikioni, akairudisha. "Mama, nakuonea huruma, Mungu anajua. Lakini wa kukusimamia Jumapili sina. Katika shifti nyingine zote mbili nimepungukiwa watu wanne kwa malaria. Na hiyo Jumapili si yako. Imeandikwa Specioza."

Hilo neno la mwisho ndilo lililomfunga. Ingekuwa jina lake mwenyewe liko kwenye karatasi, labda angekwenda tu na lolote liwe. Kwandu alimwambia hivyo hivyo Jumamosi, mikono kiunoni.

"Nenda! Mtoto ni wako, robota si lako. Wakikufuta utauza nyanya na mimi."

"Hawatanifuta mimi, Kwandu. Watamfuta Specioza, naye yuko kwa mama yake."

"Specioza atafanya hivyo kwa ajili yako?"

"Amekwisha kufanya. Alhamisi alisimama kwa saa nane mahali pangu."

Kwandu alishusha mikono kutoka kiunoni. Baadaye alileta bakuli la nyanya mbivu, akaliweka mlangoni.

Jumapili Nyanjige aliingia saa moja asubuhi. Aliposhona robota la kwanza alijua huko Zagayu mtoto anaogeshwa. Saa nne, saa ya misa, mashine ilinguruma hata mtu hasikii pumzi yake, vumbi la pamba limetua kwenye nyusi za wote. Aliposali, alisali kwa mkono: shazia ikiingia, Salamu Maria, ikitoka, amina. Wenzake watatu walijua. Waliongeza mwendo pande zao, wakamaliza, wakamsaidia upande wake, apate walau kusimama akafuta uso. Robota jingine likatoka.

Saa tisa alitoka kama alivyo. Sylvester alikuwa anakwenda kuchukua pamba, akampakia mbele. "Leo nitakanyaga, mama," alisema, na kweli alikanyaga, mpaka matuta yakawarusha hadi kwenye paa. Walifika jua limeinama, linakaribia kugusa miti.

Misa ilikuwa imekwisha tangu saa sita. Padre alikuwa amekula, ameondoka na pikipiki yake. Wageni wachache walibaki, wanakunywa uji wa mtama. Milembe alikuwa na watoto wenzake nyuma ya nyumba. Gauni lilikuwa bado mwilini, na mchuzi umedondoka kifuani. Pindo lilikuwa limefumuka upande mmoja, likashikizwa kwa uzi mweusi, mishono mirefu ya mtu asiyeona vizuri.

"Nilijikwaa nikienda mbele," mtoto alisema. "Mayu akanishonea hapo hapo."

"Ulipokea vizuri?"

"Ndiyo."

"Uliniona sipo?"

Milembe alichora mstari vumbini kwa kidole cha mguu. "Nilitazama mlangoni mara moja. Halafu sikutazama tena."

Nyanjige alipiga goti mbele yake, nguo zake zimejaa nyuzi za pamba, akamshika mikono. Alimweleza mambo ya Specioza na Jumapili isiyokuwa yake. Hakujua mtoto ameelewa kiasi gani. Milembe alianza kumtoa pamba kwenye nywele, punje moja moja, akiziweka kiganjani.

Jioni ile wazee walikaa uani kupanga Krismasi, maana ndugu walikuwepo na wengi wangerudi makwao kesho. Baba mkwe, Mzee Luhende, alikuwa juu ya kigoda akitafuna kijiti, mgongo ukielekea jikoni walikokuwa wanawake. Kwa desturi mke wa mwanawe hasemi naye uso kwa uso, wala hali chakula mbele yake. Kwa miaka kumi na miwili Nyanjige hajawahi kumtamkia neno moja kwa moja.

"Tutachinja tarehe ishirini na tano kama siku zote," mzee alisema. "Nani atakuwepo, nani hatakuwepo?"

Mahona akainamisha kichwa. "Mama Milembe hatujui, baba. Pamba ni nyingi mwaka huu. Wanasema mashine haitazimwa mpaka Januari."

"Basi. Atakula nyama zitakazobaki."

Mzee hakusema kwa ukali. Ndivyo ilivyokuwa imezoeleka. Nyanjige alikuwa jikoni akiosha masufuria, Milembe amekaa karibu yake, bado anatoa nyuzi. Maneno ya katekista yalimrudia: padre mmoja, vigango tisa, sikukuu ni siku anayotufikia. Kijiji kizima kilikuwa kimeisogeza sikukuu ya Mama wa Mungu siku tatu kwa sababu ya ratiba ya mtu mmoja, na hakuna aliyeona ni dhambi.

Alikausha mikono. Alitoka hadi mlangoni, akapiga magoti akiwa ameelekeza uso kwa Bibi Mhoja, si kwa mzee, kama heshima inavyotaka. Lakini sauti aliipandisha mpaka wote wakageuka, na mzee peke yake akabaki na mgongo wake, ameacha kutafuna kijiti.

"Mayu, naomba unifikishie neno hili kwa baba. Krismasi ya mwaka huu misa iwe siku yake ileile, ila karamu yetu msiipange kwa tarehe. Karatasi ya shifti inabandikwa siku kumi kabla. Nitamtuma Sylvester alete habari ya siku yangu ya kupumzika, na siku hiyo ndiyo mchinje, nile na watoto wangu."